Wifi, Sikumaliza Kufyeka Korongoni

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Marehemu hasalimiwi, najua, lakini sijawahi kuanza neno na wewe bila shikamoo.

Nilipoolewa hapa Rugu nikitokea Ihembe, ulikuwa umerudi kwenu baada ya kufiwa na mume. Nyumba yako ndogo ilikuwa chini ya kilima alikozikwa baba yenu. Kilima chenyewe kilikuwa kichaka kitupu. Wazee walisema zamani, kabla ugonjwa wa sotoka haujamaliza ng'ombe, pale palikuwa na boma kubwa na majani mafupi mpaka bondeni. Ng'ombe walipokwisha watu wakahama, miiba ikaingia. Kila kiangazi wachungaji walipochoma majani huko bondeni ili yachipue mapya, moto ulipanda kichakani ukatushukia kwenye migomba.

Asubuhi moja ukaja na mapanga mawili.

"Wifi, twende tukafyeke."

"Tunataka kulima nini?"

"Hatulimi. Nataka kaburi la baba lionekane, na moto ukija ukose chakula."

Mume wangu, mdogo wako, alicheka. "Dada, kilima kizima? Wanawake wawili?"

"Njoo uwe wa tatu," ukamjibu. Hakuja.

Tulifyeka viangazi viwili. Ulinifundisha kuacha mitoma ya zamani, ile iliyowapa babu zetu nguo za magome, na kuondoa vichaka vilivyoibana. Miti ya milamula hukuigusa, kwa kuwa ndiyo alama ya makaburi. Majani tuliyatandaza kwenye migomba, miiba tukaiburuta mbali. Siku tulipofukua jiwe la kusagia la bibi yako, ulikaa chini ukalia, halafu ukaanza kucheka, ukaniambia alikuwa mchoyo wa ulezi kuliko wanawake wote wa Karagwe. Na mimi nilipolia kwa kumkumbuka mama, ulijifanya huoni. Ulinimenyea tu ndizi ya kuchoma ukanipa kubwa.

Sehemu ya korongoni, jirani na nyumba yako, uliniachia mimi. Wiki ile nilikuwa na mimba changa, natapika, sijamwambia mtu.

"Kule umemaliza?" ukaniuliza.

"Nimemaliza, wifi."

Sikuwa nimemaliza. Hata nusu sikufika.

Siku ya tatu, mchana, upepo ukauleta moto. Majirani walikuja mbio na matawi mabichi. Pale tulipofyeka moto ulitambaa chini, mnyonge, tukaupiga ukafa. Migomba ya watu wote ilipona. Lakini moto ulipanda korongoni kwangu, ukaruka kwenye paa lako la nyasi. Wewe ulitoka na blanketi na sufuria, basi. Watu wakauliza moto umepitaje kule. Ukasema, "Moto hauna njia moja." Kisha ukanigeukia: "Wifi, kaa kivulini, unatetemeka."

Kesho yake asubuhi ukaniita juu ya kilima. Nilipanda nikijua sasa nitaulizwa. Ukanishika mabega, ukanigeuza.

"Ule moshi mwembamba, unauona? Kule ni Ihembe. Kwenu. Kichaka kilikuwa kinakuficha usipaone."

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa nikayameza. Yakakaa moyoni miaka yote, hadi tulipokuzika kando ya baba yako, kwenye majani ambayo sasa ng'ombe wa majirani wanayala mpaka chini.

Juma lililopita nilishindwa kuendelea kunyamaza, nikamweleza mdogo wako kila kitu. Aliweka kikombe chini.

"Dada alijua," akasema. "Alikwenda kukagua siku ileile ulipomwambia. Na mimba alikuwa ameshaigundua. Alipanga kwenda kukumalizia mwenyewe bila kukwambia, moto ukamuwahi. Akanikataza nisikuulize kamwe."

Wifi, nililia mpaka akaogopa. Ulilala miezi mitatu jikoni kwetu ukingoja nyumba mpya, ukanipikia uji kila asubuhi, ukambeba mwanangu alipozaliwa, na muda wote huo ulijua. Nilidhani ninakuficha. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinificha.

Kesho tunakwenda korongoni, ambako kichaka kimeota tena, tukamalizie, mimi na mdogo wako. Safari hii ni yeye aliyeyanoa mapanga.

Nisamehe, ingawa naona ulishamaliza kusamehe kabla sijakosa vizuri. Pumzika, dada wa mume wangu na dada yangu.

Ni mimi wifi yako,
mke wa mdogo wako.