Dawa ya Kuku

Mdogo wangu Alimasi,

Pokea barua hii katika Kiswahili kile ulichokuwa ukinichekea: "Kaka, we unasemaka sawa radio!" Niwie radhi, sina kingine kinachonisaidia kusimama wima mbele yako. Nimehitimu. Nilisomea afya ya akili kule Bukavu, nami nilitetea kazi yangu ya mwisho mbele ya walimu watatu. Waliisifu mno sura inayomhusu kijana mmoja wa miaka kumi na mitano, ambaye sikumtaja jina. Nilipigiwa makofi. Kijana huyo ni wewe. Aliyempa bangi nilimwandika "mtu wa karibu."

Ni mimi.

Tangu tulipokimbia vita Lubondja na ukamwona Baba akianguka njiani asiinuke tena, hukulala tena. Hapa Baraka, katika chumba tulichopewa na kanisa, ulikuwa unatazama mlango tu. Koko, bibi yetu, alikuwa amebeba kikapu chenye kuku wawili na fundo la bangi, ile aliyowalowekea kwenye maji walipokohoa. Kila nyumba ya kwetu ilikuwa nayo, wala hakuna aliyeiita bangi. Ilikuwa dawa ya kuku. Nikawaza: kinachomponya kuku kitamdhuruje mtu? Nikachana karatasi ya daftari, nikakusokotea. Ukalala. Nilijiona daktari.

Nikakusokotea tena, na tena. Fundo lilipoisha ulikuwa umeshajua pa kuipata, kwa vijana wenye bunduki. Kisha ukaanza kuitwa. "Kaka, Baba iko ananiita kule ku ziwa. We hausikii?" Sikusikia kitu. Nikakupa fundisho tulilopewa sote utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, usigeuke, endelea na njia yako.

Ulinitii, Alimasi. Ulinitii kupita kiasi.

Siku ile, katika barabara ya kwenda Mboko, tulikuwa na mihogo yetu begani. Askari walikuwa wameketi kando, tulipowapita wakapaza sauti nyuma yetu: "We kijana! Simama!" Mimi nilisimama. Wewe ulikaza shingo ukaendelea kutembea. Nilikuita kwa jina lako. Nilikuita mara tatu. Hata mimi hukuniitikia. Risasi ikalia, ukaanguka juu ya mihogo.

Hadi leo mtu akiniita nyuma, nageuka. Hata pasipo mtu, nageuka.

Koko amekufuata. Mama yupo, lakini aliamua kwamba jirani yetu mjane, Mama Sifa, alikuloga kwa ile sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, aliyokupa. Wanawake waliacha kuchota maji pamoja naye, na samaki wake wakakosa wanunuzi. Nami, msomi wa familia, nilinyamaza. Muda wote waliomtazama yeye, hakuna aliyenitazama mimi.

Sasa najua kwamba akili ya kijana bado inajengwa, na kwamba moshi ule waweza kuamsha sauti ndani ya baadhi yao, hasa waliokwisha kujeruhiwa na hofu. Siwezi kuapa kwamba ni bangi peke yake. Vita navyo vilikuwa ndani yako. Lakini moshi niliutia mimi. Na ile "usigeuke"... ile pia ni yangu.

Jana nilimweleza Mama alipokuwa akimenya mihogo. Maneno ya chuo yaliniishia. Akauliza, "Njo we ulimupatia?" Nikasema, "Ni mi, Mama." Akaendelea kumenya hadi wa mwisho. "Na Mama Sifa?" "Hana kosa, Mama."

Akanawa mikono, akakaza kitenge, akavuka uwanja. Alisimama mlangoni pa mjane yule bila kubisha hodi, hadi mwenyewe akafungua. "Ingia basi, Mama Asukulu. Unasimama sawa mugeni juu ya nini?" Waliyozungumza siyajui. Tangu aliporudi, Mama ananiwekea chakula, lakini hajanitazama usoni.

Kwaheri, mdogo wangu. Nakuahidi: Jumapili, kanisani, kabla ya matangazo, nitasema mbele ya wote kwamba Mama Sifa hana hatia, na nani anayo. Wazazi wasikie, na vijana waliokaa viti vya nyuma wasikie. Naogopa sana. Wakiacha kunisalimu, nitakuwa nimeanza tu kuishi alivyoishi Mama Sifa.

Kaka yako,
Asukulu