Somo la Kwanza Nililoliruka

Kibanda cha Picha,
Malaba.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Okiria,

Pokea salamu kutoka hapa mpakani, nyingi kuliko malori yaliyopanga foleni leo, na leo mwisho wa foleni siuoni. Vipi afya yako? Joto la Doha limepungua? Na ule mgongo, bado unakusumbua ukisimama lindoni? Sisi tunapumua, ila nyumba ya Moding imepoa tangu tumzike mama mkubwa. Mahindi tumevuna bila mtu wa kutugombeza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara tatu, nikaishia kukuuliza umekula nini. Emukule, aliyekuja likizo, anarudi huko Jumatatu, ndiye atakayekukabidhi barua hii.

Kompyuta niliipata mwezi wa tano. Wateja wangu ni madereva na mawakala wa forodha, wanataka picha za pasipoti zenye mandhari nyeupe, na mimi miaka yote nilikuwa natundika shuka ukutani. Kumbe kupata kompyuta ni rahisi, kumpata wa kukufundisha ndiyo shida. Mwenye saiba mmoja, duka la intaneti, kule Busia aliniuzia flashi ya video arobaini za kuhariri picha. Kuifungua, mwalimu anaongea Kihindi mwanzo hadi mwisho! Nikawa nautazama mkono wake tu. Bumala nikapata kitabu kilichorudufiwa, cha programu ya zamani, picha zake nyeusi ti, huwezi kutofautisha kitufe na doa la wino.

Masomo mazuri yalikuwepo mtandaoni, ya bure, ya Kiswahili, ya mtu anayeanza kabisa. Lakini bando langu lilikuwa linaisha katikati, basi nikawa nadonoa huku na kule kama kuku.

Ndipo mama yako akatutoka. Unajua alivyokuwa akiikimbia kamera. Kitambulisho chake chenye picha tulikuwa tumekirudisha serikalini tulipochukua kibali cha kuzika. Mdogo wangu Mildred akaniletea kadi ya kumbukumbu ya simu yake yenye picha moja tu, ya siku ya harusi yake, mama mkubwa amesimama kati ya wapishi, amekunja uso kwa sababu ya jua. Nyingine hakuna. Na kwetu siku hizi mtu hazikwi bila bango lenye uso wake kutundikwa getini, na mazishi yalikuwa keshokutwa.

Nikasema nitamtengeneza mwenyewe. Nikaruka hadi somo la tisa, la kulainisha ngozi. Nikawaondoa wapishi. Nikafuta makunyanzi, nikafuta na lile kovu la pembe ya ng'ombe juu ya jicho, nikidhani ninampa heshima. Kisha nikahifadhi humo humo kwenye kadi ya Mildred, juu ya picha yenyewe.

Siku ya mazishi mama mdogo Emmaculate alisimama mbele ya bango muda mrefu. Akaniita. "Terry, huyu ni nani sasa? Mimi nimekuja kuzika dada yangu." Watu wakamshika mkono wakasema ni uchungu unamsumbua. Mimi nilijua si uchungu.

Baada ya matanga nikayaanza masomo yale upya, moja moja. Somo la kwanza, hata dakika mbili hazijaisha, mwalimu anasema: kabla hujagusa picha, nakili, ile ya asili iweke kando. Nililia mbele ya mteja. Kadi niliipeleka kwa fundi, akahangaika nayo siku mbili, akanirudishia bila kuipata ile picha ya asili.

Nawe, nilipokutumia picha ya bango kwa simu, ukanipigia, ukasema mama amependeza, amerudi usichana, na kwamba umeichapisha picha ukaitundika juu ya kitanda chako. Ukanishukuru. Kaka, uliyemtundika pale si mama yako. Ni kazi ya mikono yangu, na nimekudanganya kwa kunyamaza miezi mitatu. Naomba unisamehe, ingawa mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Sasa nimefika somo la ishirini na moja, la kurudisha kilichofutika kwa kuchora upya. Makunyanzi yanakubali. Kovu ndilo limenishinda, na si kwa ufundi. Mimi nasema lilikuwa juu ya jicho la kushoto. Emorut, mdogo wako aliyeishi naye hadi siku ya mwisho, anaapa ni la kulia. Mama mdogo alikubaliana na mimi, juzi akakubaliana na Emorut, kisha akajifunika leso usoni asitake kuulizwa tena.

Emorut, Mildred na mama mdogo wanakusalimu sana. Mungu akulinde ugenini na akurudishe salama, hata kama umechelewa kumwona.

Ukimaliza kusoma, usiutazame ukuta. Funga macho, kaka, uniambie: lilikuwa upande gani?

Ni mimi dada yako akupendaye,
Terry Akwii