Jina Juu ya Mlango

Edmonton, London
9 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mtoto anaota meno na hanipi usingizi. Wewe mwili unasemaje? Nijibu kweli, usinijibu kama unavyowajibu waandishi wa magazeti ya huko Marekani.

Nimeona picha. Novemba uliniambia umestaafu mbio za magari, nikapiga magoti sebuleni nikashukuru. Leo naona gari jipya, namba ileile 47, na juu ya mlango umeandika ELINAJA MDOGO. Mwanangu wa pili nilimpa jina lako kwa sababu ndiyo mila yetu: wa kwanza babu wa kwa baba, wa pili babu wa kwa mama. Sikumpa ili ulibamize ukutani.

Na kuna hili. Februari uliniandikia barua mbili, zikipishana wiki moja tu. Zimefanana neno kwa neno, Baba, hata ule utani wa mbuzi. Kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee. Mzee Kanti ananisimulia harusi yake kila nikimpelekea chai. Najua ninachokisoma. Una miaka sitini na moja, na kichwa hicho kimegonga mara ngapi?

Futa jina la mwanangu.

Binti yako,
Adelina

Karolina Kaskazini
28 Machi 2025

Mama Elinaja,

Marahaba. Mimi mzima, gari zima, goti tu ndilo linalonung'unika. Umefoka mpaka bahasha imefika ya moto.

Unanifananisha na wagonjwa wako. Nilifika hapa nikifagia gereji. Siku waliponipa usukani walicheka, wakauliza kama kwetu tunaendesha punda. Miaka ishirini na saba sasa, bampa kwa bampa kwenye duara la lami, nimeshinda mara kumi na nne. Walionicheka wako nyumbani wanamwagilia maua.

Tarehe 17 Mei ni ya mwisho. Nathanaël, yule Mkongomani, ndiye jicho langu: anasimama juu jukwaani, ananiambia redioni nani yuko ubavuni mwangu. Anasema kwa Kiswahili, wapinzani wakisikiliza wanaambulia patupu. Juzi mazoezini kalalamika eti nimemuuliza mara nne imebaki mizunguko mingapi. Redio mbovu tu.

Baba yako

Edmonton
7 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Mtoto ana mafua, nami nimetoka kazini miguu imevimba, kwa hiyo sizunguki.

Nimempigia Nathanaël. Redio si mbovu. Alikuambia kulia kuna gari, ukaingia kulia. Alinyamaza kwa sababu anakuheshimu. Nimemwambia heshima ya namna hiyo huishia makaburini. Nimemwomba asipande jukwaani tarehe 17, na bila mtu wa juu hawatakuruhusu kukimbia. Ndiyo, ni mimi. Nikasirikie mimi, usimguse yeye.

Njoo ukae nasi. Godoro lako nimeshalinunua, liko sebuleni, sijalitoa nailoni.

Adelina wako

Karolina Kaskazini
2 Juni 2025

Adelina,

Sikusalimii. Umeongea na mtu wangu nyuma ya mgongo wangu, na nilikaa wiki nane bila kushika kalamu ili nisikuandikie neno la kujutia.

Nathanaël alipanda. Usimlaumu, nilimlazimisha. Nimefunga mikanda, injini inanguruma, nikasikia sauti yake redioni: "Mzee, kabla bendera haijashuka, nitajie mjukuu wako mdogo wa London anaitwa nani."

Nikacheka. Nikasema, swali gani hilo. Kisha nikalitafuta.

Adelina, nililitafuta. Lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wangu, na ni jina langu mwenyewe, lakini aliyekaa ndani halioni. Bendera ikashuka, magari yakanipita kushoto na kulia. Nikazima injini.

Bado nina hasira nawe. Natua Heathrow tarehe 19, saa nne asubuhi. Simama mbele na mtoto, na karatasi yenye jina lake. Liandike kwa herufi kubwa, nilisome kabla sijampakata.

Na marahaba.

Babu yake