Mrusi Asiyeitikia Salamu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mrusi mpya kaingia chumba cha vifaa saa mbili asubuhi. Timofei. Bonge la mtu, kainama kupita mlangoni. Yuko kwenye majaribio ya wiki mbili. Nimemsalimu, kaitikia, kanipa viatu vyake vya barafuni nimnolee. Mchana tukakutana koridoni, nikamsalimu tena — kimya! Kaniangalia usoni, kapita. Jioni mara ya tatu, hivyo hivyo.

Sishangai. Tangu niache kununua nguo za jumla soko la Shahe, hapa Uchina, huu mwaka wa nne nawanolea viatu wachezaji wa hoki ya barafuni wa klabu hii. Habari za Warusi nazijua. Vipaji wanavyo, lakini kila mmoja anacheza peke yake. Pasi hawatoi. Mechi ikiwa kubwa wanapotea. Mkataba ukiwachosha wanakimbilia kwao. Nimewasikiliza wachambuzi kwenye video za zamani mpaka naweza kuyahubiri kanisani.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo laoban kaniita ofisini! Bosi mwenyewe. Eti mimi ndiye nakaa na wachezaji kutwa, na Kichina changu kinaeleweka. Huyu Mrusi tumpe mkataba wa miaka miwili, au vipi?

Nani aliwahi kuniuliza kitu katika klabu hii? Kichwa kikavimba. Nikamwambia: bu li ren. Hajali watu. Salamu tu haitikii, hiyo timu ataijali wapi? Nikaongeza na yale ya kwenye video, utadhani nimeyashuhudia kwa macho yangu. Laoban akawa anaandika. Akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Nilirudi kazini kifua mbele.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumeshinda 3–2. Bao la tatu Timofei alikuwa uso kwa uso na kipa. Angefunga. Katoa pasi! Halafu dakika za mwisho kajilaza kwenye barafu mara mbili kuzuia kisahani, ndiyo mpira wa hoki hii, kwa mwili wake, na ni kigumu kama jiwe, kinapigwa kwa nguvu zote.

Baada ya mechi nakusanya glavu — ya kwake ya kushoto imelowa damu ndani. Hakumwambia mtu.

Nikamwonyesha kocha, mzee wa Kikanada. Nikasema, kwa utani, si tunaambiwa Warusi hawana moyo? Hakucheka. Anasema naye alilelewa na maneno hayo, na kwa maneno hayo aliwahi kumwacha mchezaji mzuri ambaye mpaka leo anamkumbuka. Sasa hivi Warusi ni manahodha, wanabeba makombe, wanalia mbele za watu kama sisi sote. Tulikuwa wajinga, Sos, anasema.

Ile glavu nimeiosha mwenyewe.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada nikaenda kula kwa Denise, yule Mkongo wa Lubumbashi mwenye mgahawa mtaa wa Dengfeng. Nilikuwa na hamu ya kumwambia mtu, nikamwambia yote. Kaweka mwiko chini.

“Mon cher, na sisi Waafrika banasemaka nini juu yetu hapa? Inakupendezaka?”

Nikasema hayo ni mengine. Mengine gani, kauliza. Nilimkumbuka yule mwenye nyumba aliyeniambia mei you, hakuna chumba, kabla sijafungua mdomo — na tangazo la chumba limebandikwa palepale mlangoni. Wiki nzima nilimlaani. Mimi huyuhuyu!

Ugali nimeuacha nusu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwuliza mwenyewe, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Kwa nini huitikii salamu? Kashangaa kweli. Anasema kwao mkishasalimiana asubuhi imetosha mpaka kesho. Ukimsalimu mtu tena, maana yake umesahau kwamba mmeonana. Kumbe alidhani nina ugonjwa wa kusahau! Alinyamaza ili asiniaibishe. Kamwuliza hata daktari wa timu kama naendelea na matibabu.

Nimecheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi hayakuisha.

Nikapanda ofisini palepale. Maneno nilikuwa nayo yote, nimeyapanga kwenye ngazi. Laoban kanikaribisha kwa bashasha. Kasema nina jicho la kujua watu, na kibali changu cha kazi klabu itakiongeza mwaka mwingine. Nikasema nimekuja kuomba jiwe jipya la mashine ya kunolea.

Jiwe! Sostenes, we mwoga. Najuta, na kujuta kwenyewe hakumsaidii mtu.

Ijumaa, 14 Novemba

Timofei kaja na bahasha. Barua ya Kichina, muhuri mwekundu. Mkalimani wa klabu yupo, lakini hamtaki. Anataka nimsomee mimi, maana mimi ndiye rafiki aliyempata hapa. Mkewe huko kwao kakaa na simu mkononi. Ikiwa ni mkataba, wanafunga mizigo wiki hii, yeye na mtoto. Kaniwekea barua mezani, kaenda kuoga kwanza. Anasema habari njema hazitaki jasho.

Nimeshaisoma. Mistari mitano. Hawamhitaji. Wa nne ndio sababu — ni maneno yangu, hawakubadilisha hata moja, na wameandika wameyapata kwa mtunza vifaa. Mtunza vifaa ni mmoja tu humu.

Huo mstari naweza kuuruka. Hajui hata herufi moja ya Kichina. Au nipande juu sasa hivi, laoban yupo, gari lake naliona hapo nje. Dakika tatu tu. Nimeshika kalamu badala ya ngazi!

Maji bafuni yamefungwa. Nasikia ndala zake.