Kwa Nini Kengele ya Baba Haikuiti Tena

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea mara ya mwisho kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima wa miguu na ulimi, macho na masikio tu ndiyo yanazidi kuchoka. Mume wangu, shemeji yako, naye mzima. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haijatulia, na ukisoma utaelewa kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu wewe una haraka, na mimi nikianza kulia unasema mtandao mbaya, unakata. Basi nimeona nikuandikie, ili usinikate. Uliniuliza mbona kengele ya mlangoni imenyamaza, na kama imeharibika utume nyingine. Haijaharibika, kaka. Chaji imejaa, na kitaa chake cha buluu kinawaka ukipita. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana Chiriku mimi sijawahi kujua kusimulia kwa mkato.

Lilipofika lile boksi ulilotutumia, lenye kengele ya kamera, baba alikigeuza kidude mkononi akasema hiyo ni dharau. Yeye, fundi wa makufuli, aliyewafungulia milango nusu ya watu wa mtaa huu, leo aletewe plastiki imlindie nyumba! Nikamkumbusha wale vijana waliojifanya watu wa maji. Aliwafungulia mwenyewe, akawapa viti, nao wakaondoka na televisheni huku wakimuaga kwa adabu zote. Alinuna weee! Mwishowe akasema kufuli lake halikuwa na kosa, kosa ni la aliyefungua, akajicheka mwenyewe. Nami nikapata mwanya wa kumwita fundi.

Fundi naye, Mungu amsaidie. Ni mrefu, akaifunga kengele usawa wa macho yake, ndiyo maana picha ulizopata mwanzo zilikuwa za vipara na vilemba. Ikabidi arudi aishushe. Halafu mtandao ukawa haufiki mlangoni, tukakihamisha kile kisanduku cha intaneti na kukiweka juu ya kabati la vyombo, na mpaka leo nikitaka sahani kubwa lazima nikiombe radhi.

Siku ilipokubali, ukatokea wewe. Ulimwamkia baba kutoka ukutani, ukamwambia unamwona amevaa fulana kinyume. Alishtuka akaushika mlango. Kisha akaitikia marahaba, akavua fulana palepale nje, akaigeuza. Tulicheka mpaka shemeji yako akakaa chini. Tangu siku ile baba akawa na mazoea: kila asubuhi anatoka, anafunga mlango nyuma yake, anabonyeza kengele ya nyumba yake mwenyewe, anasubiri mwanawe aitike. Nawe ulikuwa unaitika. Kaka, kwenye simu ninyi wawili husalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Pale mlangoni mlikuwa mnataniana. Nilikuwa nasimama jikoni nasikiliza, nafurahi peke yangu kama mwehu.

Halafu ukazima mlio, ukabaki na alama tu kwenye simu. Sikulaumu. Ulinieleza kwamba kila paka akipita simu yako inapiga kelele kazini, na mkubwa wako ameshakuonya. Mimi nilielewa. Baba ndiye niliyeshindwa kumwelewesha. Nilimwambia una shughuli, akasema mwenye shughuli huitika akipata nafasi, acha akusubiri. Akatoa kigoda. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Jua likamkuta hapohapo. Nilimsihi aingie ale, wapi! Nikamvuta mkono, na mzee yule mwembamba akiamua huwa mzito kama mfuko wa saruji. Niliingia jikoni nikalia.

Shemeji yako hawezi kumwona mtu analia, lazima atafute ujinga wa kufanya. Akachukua simu yangu, maana uliniunganisha na mimi kwenye kengele, akabonyeza pale pa kuzungumzia, akakaza sauti, akamwamkia baba, akamwambia aingie ndani ale, wataongea baadaye. Unakijua kile kidude kinavyokwaruza, kila anayesema humo ni kama ana mafua. Na masikio ya baba unayajua. Aliinuka, akaingia. Akala, akaomba aongezewe.

Hapo ningesema basi, yaishe. Sikusema. Kesho yake ikawa dawa, baadaye ikawa kuoga, na kila jambo likinishinda shemeji yako anageuka wewe. Nilijua si vizuri. Lakini baba alikuwa amechangamka, na mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza.

Sasa sikiliza, kaka, kama umesimama kaa. Asubuhi moja baba alitoka amevaa shati lake la pasi, lile la kwendea mahali pa heshima. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Akabonyeza, shemeji yako akaitika kwa sauti yako kama kawaida. Baba hakutania. Alianza kuzungumza habari za lile duka la vitambaa.

Ndiyo, lilelile. Lile lililoibiwa bila kufuli kuvunjwa, baba akakusimamisha karakanani mbele ya wateja, akasema wewe ndiye uliyechonga ufunguo wa pili, na usikanyage tena kwake. Na kweli hukukanyaga. Unatuletea kila kitu isipokuwa wewe mwenyewe.

Baba alisema kwamba mwenye duka alikuja kumwambia ukweli wakati wewe umeshaondoka. Aliyeiba alikuwa shemeji wa huyo mwenye duka, alichukua funguo kwenye koti la mwenye duka, akaiba, akazirudisha. Baba alikusudia kukutafuta siku hiyohiyo, akaahirisha, na kadiri alivyoahirisha ndivyo mdomo ulivyokuwa mzito. Akasema uso kwa uso asingeweza, na kwenye simu asingeweza, ila hapo ukutani, asipoona unavyomtazama, anaweza. Akasema, "Nilikuonea, mwanangu. Naomba unisamehe."

Nilikimbilia sebuleni na kisu mkononi. Shemeji yako alikuwa ameganda kitini, simu mkononi. Ananitazama, namtazama. Nilitaka kumwambia azime. Nilitaka nifungue mlango nimwambie baba kwamba huyo si mwanawe. Nikabaki nimesimama, kaka, na kisu changu cha vitunguu. Kwenye simu tulimwona baba ametega sikio kwenye kengele, anangoja. Akangoja. Midomo ikaanza kumtetemeka. Shemeji yako akasema, "Nimekusamehe, baba. Nilishakusamehe zamani."

Baba alilia pale nje, mimi huku ndani. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaingia, akalala usingizi mzito hata mlio wa sufuria iliyoanguka haukumwamsha. Tangu siku ile hajabonyeza tena. Nilipomuuliza, alisema aliyokuwa nayo ameyatua, sasa mtoto aachwe afanye kazi yake.

Nilitafuta yale mazungumzo ili nikutumie uyasikie kwa sauti yake mwenyewe. Hayapo. Kengele yetu huonyesha na kusikilizisha tu, haiweki kitu, na tuliichagua hivyo wenyewe tukisema mambo ya mlangoni tuyahifadhi ya nini. Kwa hiyo una maneno yangu tu, na mimi najijua, nimeyasahau mengine kwa kulia.

Nifanye nini, kaka? Nikimwambia baba ukweli, hatapata tena nguvu ya kulisema lile neno, na ataona tulimchezea. Nikinyamaza, nitakuwa nimekudhulumu kitu ulichokingojea ujana wako wote. Shemeji yako ndiyo usiseme. Anasema amekula haki ya mtu, maana jibu lilikuwa lako, hata kama lingekuwa hapana. Anaipita ile kengele ameinamisha kichwa. Mimi nimewaza mpaka nimechoka. Siwezi kukuomba usamehe, na siwezi kukuomba ujifanye umesamehe. Ningejua la kukuomba ningeliomba. Maji yakimwagika hayazoleki, nami ndiye niliyesimama nikayatazama yakimwagika.

Nisalimie wote ulio nao huko. Shemeji yako anakusalimu kwa aibu kubwa. Baba naye anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, nilimuuliza nikufikishie neno gani. Alifikiri kidogo, akatabasamu, akasema nikuandikie asante tu, wewe mwenyewe unajua ya nini.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku