Mama Yako Alikupokea Mlangoni

Wafula, ndugu yangu,

Umefika nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, halafu ungeuliza kama viatu vyangu vilikuwa vinang'aa. Viling'aa mpaka sokoni Gikomba. Baada ya hapo usiniulize.

Ulipoanguka kule mpakani, Kapteni aliniita akasema mimi ndiye nitakayekusindikiza, kwa kuwa tumekulia mtaa mmoja na tuliingia jeshini siku moja. Nikajibu, "Ndiyo, afande." Sikuogopa jeneza. Nilimwogopa mama yako. Unakumbuka siku tuliyotoka Majengo kwenda mafunzoni? Alitushika mikono sote wawili pale mlangoni pake, akasema, "Mmetoka wawili, mrudi wawili." Wewe ulicheka, ukamwambia apike chapati za kutosha. Sasa mimi nilikuwa nakurudisha ndani ya sanduku, na sikujua nitamtazama vipi.

Mpango wa jeshi ulikuwa mfupi: familia ikupokee mochari, kisha msafara uelekee Bungoma moja kwa moja, nawe ukazikwe kwa babu yako. Kapteni akamweleza mama kwa heshima zote, akamwomba akupokee. Mama akakataa. Hakupiga kelele. Unajua anavyofanya kule sokoni mteja akimtajia bei ya matusi: huinamisha kichwa, akatabasamu kidogo, na mambo yakaishia hapo. Akasema, "Mwanangu sikuwapa hapa mochari, afande. Niliwapa mlangoni kwangu. Nirudishieni pale pale."

Kapteni akaanza kueleza habari za muda na za barabara. Mama akakaa kwenye benchi, akashika mkoba wake magotini. Hapo nikafungua mdomo wangu, mimi koplo mdogo, bila kuulizwa. "Afande, mama anasema kweli. Na gari halitafika mpaka kwake. Itabidi tumbebe." Sijawahi kumsemesha mkubwa wangu hivyo. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu adhabu zangu kichwani. Kisha akaweka kofia yake sawa, akasema, "Basi tumbebe."

Mvua ilikuwa imenyesha. Gari liliishia sokoni, pale maseremala wanapopanga vitanda nje. Tukakutoa, sisi sita, bendera juu yako, tukakuweka mabegani. Lakini njia iko wapi? Mikokoteni, marobota ya mitumba, matope mpaka kwenye vifundo. Nilifikiri tumeaibika mbele ya watu wetu. Ndipo mzee mmoja wa mkokoteni akaiona bendera, akamwona na mama yako nyuma yetu, akapaza sauti: "Oya, songesheni mikoko! Huyu ni boy wa Mama Wafula! Soldier wetu amerudi mtaa!"

Ungeona, Wafula. Gikomba, soko lisilojua kufunga mdomo, lilinyamaza. Waliokuwa wakinadi wakavua kofia. Randa za maseremala zikatulia. Na wale akina mama wa mashati, jirani za mama yako, wakaanza kutandaza nguo juu ya matope ili tusiteleze. Si matambara! Zilikuwa kamera, zile za chaguo la kwanza wanazowafichia wateja wao wazuri. Nilikanyaga shati jeupe lililopigwa pasi, nikasikia haya, lakini ukiwa chini ya jeneza huruki. Basi tukapita hivyo, polepole, hatua kwa hatua. Nilijivuna. Nasema wazi: siku ya gwaride la kuhitimu sikujivuna vile.

Tukafika. Amri ya ubebaji unaijua: mkono wa raia hauligusi jeneza mpaka liwekwe chini. Lakini kwetu kuna desturi iliyoizidi umri amri hiyo. Mtu akifika mlangoni na mzigo, hautui peke yake. Mwenye mlango hutoka akamtua. Mama yako amebeba marobota maisha yake yote, ametuliwa na amewatua wengine. Basi Kapteni alipovuta pumzi atoe amri, mama alikuwa ameshaingia kati yangu na askari wa nyuma yangu, ameweka bega lake chini yako. Kapteni akaimeza amri yake. "Haya, wanangu," mama akasema, "nawatua." Tukakushusha kwa sauti yake, taratibu, wala hukutikisika.

Halafu akanigeukia. Nilingoja aniulize wa pili yuko wapi. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Umemleta," akasema. "Umemleta vizuri, Juma. Ingia ule."

Bungoma tulikuzika kwa risasi za heshima, mbuzi wa babu yako wakakimbilia kwa jirani. Bendera walimkunjia mama, naye ameitundika juu ya kabati. Sokoni sasa wanamwita Mama Afande, anajifanya kukasirika. Na yale mashati, usidhani Gikomba imeokoka: yalifuliwa, yakapigwa pasi, yakauzwa.

Mimi sikulia mochari, wala njiani, wala kaburini. Nilikuona kichwani ukinibeza: "Koplo mzima, machozi?" Ila bega langu la kulia, lile lililokubeba, liliniuma kwa muda mrefu, nami nilipenda liniume. Asubuhi moja niliamka kambini, nikalizungusha, haliumi tena. Hapo ndipo nilipolia, Wafula. Nililia mpaka wenzangu wakatoka nje wakaniachia chumba.

Kwaheri, ndugu yangu, pumzika na heshima yako. Kila nikipewa likizo nitaanzia kwa mama kabla ya kwetu, na akirudi kutoka sokoni na robota lake, atanikuta nimesimama pale mlangoni nimtue.

Wako,
Juma