Mbuzi wa Ukurasa wa Mwisho

Mjukuu wangu Kisigino,

Nakusalimu, na huko uliko uitikie kwa sauti nisikie. Sisi wazima. Goti la kushoto linanisumbua, la kulia linamcheka mwenzake. Wewe je, unakula, au bado unashinda na chai na kusema umeshiba? Nimeona picha uliyomtumia shangazi yako. Shingo imekuwa kama mpini wa mwiko. Kula, baba.

Anayeniandikia ni jirani yangu, yule mkunga mstaafu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Barua yako alinisomea. Umesema wakubwa wa hiyo filamu unayoitengeneza wanataka mama mbuzi arudi mwishoni, kwa kuwa kila mtoto anakijua kitabu cha Mwanambuzi, na kitabuni mama anarudi. Wewe unakumbuka hakurudi. Wanasema umechafua kitabu cha watoto, na usipobadilisha kufikia Ijumaa watampa kazi mtu mwingine. Unaniuliza kama zamani kilikuwepo kitabu kingine, maana hiki cha dukani kimekufanya ujione umerukwa na akili.

Shangazi yako kanionyesha kipande cha mwisho kwenye simu. Amenuna, anasema wanawe hawatakanyaga huko sinema. Mimi nimekitazama mara tatu. Mvua inanyesha, mwanambuzi amesimama nje, taa inazimika, basi. Nikamwambia shangazi yako kwamba huyu mtoto kasema kweli, ila kaishia njiani.

Sasa kaa chini. Kitabu kingine hakikuwepo. Ni hichohicho, na changu kipo sandukuni chini ya blanketi, jalada lina alama za meno yako. Ulipoanza shule nilikificha, nikasema panya wamekila. Panya hawakula kitu. Bibi yako hajui kusoma na hajawahi kujua. Ile miwani ilikuwa ya marehemu babu yako, nikiivaa naona ukungu mtupu. Nilikuwa nasoma picha.

Jirani hapa kalamu imemsimama. Anasema alinishuku tangu siku niliyoshika kadi ya kliniki juu chini, nikatikisa kichwa kama daktari. Nimemwambia aandike na hilo, aibu nimeshaivua.

Mwaka ule mama yako alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudi amebebwa. Ulikuwa na miaka minne. Watu wazima wote walikuambia mama kasafiri, ukawa unashinda kizingitini umevaa viatu, unamngoja. Na mimi mdomo ulinigoma. Nikamtuma mbuzi. Kila jioni baada ya kukuogesha nilikuambia mama mbuzi hatarudi, na mwanambuzi amesimama mvuani. Mara moja tu uliniuliza kama ni kweli hatarudi. Nikasema ni kweli. Siku ile ulivua viatu mwenyewe.

Lakini kila jioni usingizi ulikuchukua hapohapo penye mvua. Ukurasa wa mwisho hukuwahi kuufikia ukiwa macho. Ufungue leo uutazame. Mlango uko wazi, na mbuzi mwenye kilemba amesimama na taa mkononi. Wiki iliyopita jirani alinisomea maneno yake, kumbe kitabu kinasema huyo ndiye mama karudi. Kitabu kiseme kinavyotaka. Mimi nilisema ni bibi yake. Nilisema hivyo kila jioni, wewe unakoroma kifuani mwangu, kisha nakubeba nakulaza.

Kwa hiyo nenda kawaambie wakubwa wako kwamba mama harudi. Mtoto aliyefiwa atakaa kwenye hicho kiti chao, na hakuna wa kumdanganya mbele yangu. Ila na wewe usijifanye mjuzi wa giza. Kumwacha mtoto mvuani nao ni uongo, maana wewe hukuachwa. Mfungulie mlango. Wakibisha, nitumie habari, nitapanda basi na goti langu hili, tuone nani atamaliza maneno kwanza. Na wakikufukuza, rudi nyumbani. Kitanda chako hakijahama.

Shangazi yako anakusalimu, bado kanuna. Jirani naye anakusalimu, anasema unadaiwa ada ya ukunga, maana yeye ndiye aliyekupokea ulipozaliwa.

Neno la chini hapo nimeliandika kwa mkono wangu, ndilo la kwanza maishani. Limepinda, lakini ni langu.

BIBI